Shangazi, baba mkwe kaacha dawa zote za presha eti zinaleta saratani ya tezi dume

Shangazi shikamoo,

Mimi ni mama wa watoto wawili, wa tatu niko nae tumboni miezi mitano, nakaa Uyole hapa Mbeya, mume wangu ana miaka 44 anaendesha lori la kwenda Zambia na Kongo kwahiyo mwezi mzima anaweza akalala nyumbani siku nne tu. Baba mkwe ana miaka 70, alikua mwalimu wa shule ya msingi Rungwe huko, mama alivofariki tukaona asikae Tukuyu peke yake tukamleta kwetu. Tunaishi vizuri kabisa, ni mzee mpole, anaenda na baiskeli yake shambani kucheki parachichi, jumapili kanisani kwao Moravian.

Sasa huyu mzee anakunywa dawa nyingi tangu zamani. Ya presha amlodipini, na ile losatani yenye H, ya sukari metifomini, kuna ya kolestro atovastatini, na asprini ile ndogo ya kila siku. Alafu mwaka juzi alikua anasumbuliwa na mkojo, unatoka kidogo kidogo, wakampa tamsulosini na finasteraidi wakasema tezi imekua lakini sio saratani. Mwaka jana wakampima damu ile PSA, kipimo cha kuangalia tezi dume, ikaja 3.2 wakamwambia iko sawa mzee nenda nyumbani.

Tatizo limeanza wiki kama tatu hivi. Kwenye grupu la ukoo la WhatsApp mtu katuma voisi, kuna mwanaume anajiita daktari anasema dawa za presha za muda mrefu ndo zinaleta saratani ya tezi dume, kwamba Ulaya wameshazikataza ila sisi Waafrika bado tunapewa. Mzee akaisikiliza mara tatu mi nikiwa jikoni namsikia. Unajua kaka yake, yani baba mkubwa wa mume wangu, alifariki kwa tezi dume na yeye alikunywa dawa za presha miaka mingi, kwahiyo mzee akaunganisha akasema kumbe ndo ilikua hivo. Kesho yake akaziweka dawa zote kwenye kopo akafunga, mpaka leo. Na baba mdogo kamletea vidonge vya vitamini E, kopo limeandikwa 400, anasema hivi ndo vinalinda tezi.

Pia anasema tangu aanze dawa za presha anaamka usiku mara tano kukojoa na huku kwetu usiku baridi, choo kiko nje, namsikia mlango unagonga gonga. Anasema huo ndo ushahidi wenyewe.

Jana nikamwomba tupite duka la dawa kupima presha tu, ikaja 178 kwa 104. Nimeogopa sana shangazi. Nimejaribu mara mbili kumsagia dawa zake nikaweka kwenye uji ila moyo unanisuta. Kuongea nae mambo ya mkojo siwezi, we unajua mkwe na baba mkwe kwetu Unyakyusa, hata kukaa nae kochi moja ni kazi. Nifanyeje? Na je ni kweli hizo dawa zinaleta saratani? Kama ni kweli niambie tu.

Ndaga fijo,
Mkwe wa Uyole

*

Marahaba mwanangu, na mimi nakusalimia kwa kikwetu cha Iringa, kamwene.

Barua yako nimeisoma usiku nikairudia asubuhi. Nimekaa dirisha la dawa famasi miaka zaidi ya ishirini, swali hili nimeulizwa na wazee wengi sana na wengine hawakuuliza, waliacha tu kimya kimya kama baba mkwe wako, mmoja wao ni baba yangu mzazi. Aliacha dawa ya presha sababu jirani alimwambia zinaua figo, tukaja kumkuta bafuni upande mmoja haufanyi kazi, mdomo umepinda, akaishi hivo miaka minne tunamlisha kwa kijiko. Kwahiyo nikikuandikia hapa siandiki kwa ubaridi.

Kabla ya yote, hilo la kusaga dawa kwenye uji liache leo leo. Kumficha mtu mzima dawa sio vizuri akijua hatakuamini tena hata kwa chai, lakini kuna kubwa zaidi, wewe una mimba. Finasteraidi ikivunjwa au kusagwa mama mjamzito hatakiwi kuigusa wala kuivuta vumbi lake, sababu inazuia homoni inayojenga maumbile ya mtoto wa kiume. Kidonge kizima kina ganda lake, kukishika kizima hakina shida, shida ni kikipasuka. Usipate presha na wewe, umefanya mara mbili tu, ila kwenye kliniki yako ya wajawazito mwambie nesi usifiche, na kinu ulichosagia kioshe vizuri au bora mtu mwingine akuoshee.

Sasa swali lako. Hapana, dawa za presha anazokunywa mzee hazijaonekana kuleta saratani ya tezi dume. Na nitakuambia huo uvumi umetoka wapi maana haukutoka hewani.

Mwaka 2010 kuna uchambuzi ulitoka kwenye jarida la madaktari ukasema kundi la dawa ambalo losatani imo huenda linaongeza saratani kidogo. Dunia ikashtuka, na ilikua haki kushtuka. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ikakusanya majaribio 31 yenye watu kama 156,000, mwaka 2011 ikatoa majibu kwamba haikuona ongezeko la saratani, ya tezi dume ikiwemo. Alafu 2018 likaja lingine, valsatani ambayo ni ndugu yake losatani ikaondolewa sokoni nchi nyingi, baadae na losatani ya matoleo fulani, sababu kiwandani kulitokea uchafu wa kemikali wakati wa kutengeneza na kemikali hiyo ndo inashukiwa kuleta saratani. Waliondoa matoleo yenye uchafu tu, dawa yenyewe haikukatazwa, mpaka leo Ulaya wanaimeza kila asubuhi kama sisi. Ile H, yani dawa ya pili iliyochanganywa kwenye losatani ya mzee, nayo ina habari yake, mwaka huo huo 2018 Ulaya walitoa onyo kwamba ikitumika miaka mingi inaongeza saratani ya ngozi kwa sababu inafanya ngozi iumizwe na jua haraka, wanaopata shida zaidi ni wenye ngozi nyeupe (na hapa kwetu ndugu zetu wenye ualbino wanatakiwa wamwambie daktari kabla ya kuandikiwa hiyo). Lakini ni ngozi, tezi dume haimo. Ukichukua habari hizi tatu ukazichanganya kwenye sufuria moja unapata ile voisi ya grupu la ukoo.

Kuhusu zile nyingine nitapita haraka. Atovastatini ya kolestro, tafiti nyingi za kufuatilia watu zimeona wanaoitumia wanapata kwa uchache zaidi ile saratani ya tezi iliyoshasambaa, ila huo sio ushahidi wa kumpa mtu dawa ya kolestro kwa ajili ya tezi, anakunywa kwa ajili ya moyo basi. Metifomini watu waliitegemea sana kwamba itazuia saratani, ilipojaribiwa kwa wagonjwa wa saratani ya tezi haikuleta kile walichotegemea, lakini kuileta saratani, hapana. Asprini ndogo nayo hailaumiwi kwa tezi, swali lake ni damu kuvuja tumboni kwa mtu wa miaka 70, kwahiyo hiyo muulizeni daktari kama mzee bado anaihitaji.

Hapa ndo nataka usome polepole mwanangu, maana katika barua yako yote kitu kilichonishtua zaidi ni ile namba 3.2.

Finasteraidi inafanya tezi isinyae, na pamoja na kusinyaa inashusha PSA kwenye damu, mtu akishaitumia miezi sita mpaka mwaka PSA yake inakua kama nusu ya vile ingekua. Yani mtu anayekunywa finasteraidi akipimwa inabidi daktari aizidishe mara mbili ndo apate picha ya kweli. Mzee alianza mwaka juzi, akapimwa mwaka jana ikaja 3.2. Zidisha, ni 6.4. Kwenye maabara nyingi wanaanza kuangalia kwa karibu ikipita 4. Sasa aliyesoma karatasi ile sijui kama alijua mzee yuko kwenye finasteraidi, kama hakuulizwa na mzee hakusema basi alirudishwa nyumbani kwa namba iliyokua imefichwa na kidonge.

Naomba usilie na usiende kumwambia ana saratani, maana 6.4 sio saratani. Tezi ikikua kawaida kwa uzee PSA inapanda, maambukizi ya mkojo yanapandisha, hata wanaume wenye PSA kati ya 4 na 10 wakichunguzwa mpaka mwisho ni kama mmoja kati ya wanne ndo anakutwa nayo, watatu hawana. Ila ni namba ya kurudi nayo hospitali, haitakiwi kukaa kabatini. Na sa hivi kaacha dawa wiki tatu, kwahiyo PSA inaweza kuanza kupanda yenyewe, ndo maana siku ya kupima lazima waseme alianza lini na aliacha lini.

Na ukiniuliza finasteraidi yenyewe je, kati ya dawa zote za mzee hii ndo imechunguzwa kweli kweli kwenye jambo hili. Marekani walianza mwaka 1993 wakachukua wanaume 18,882 wenye miaka 55 kwenda juu, nusu wakapewa hiyo na nusu kidonge kisicho na dawa, miaka saba. Majibu yalitoka 2003. Waliokunywa kidonge kitupu walikutwa na saratani kama 24 kwa kila mia, waliokunywa dawa kama 18. Imepunguza. Lakini kati ya waliokunywa dawa zile saratani kali zilionekana zaidi kidogo, 6.4 kwa mia dhidi ya 5.1, na hilo likaleta hofu kubwa mpaka mamlaka ya Marekani ikaongeza onyo 2011. Wakaendelea kuwafuatilia mpaka miaka 18, hakukua na tofauti ya vifo kati ya makundi mawili. Wengi wanaamini tezi iliyosinyaa ilirahisisha tu sindano ya kuchukua nyama kuipata ile kali iliyokuwepo tayari. Mi kwa mzee wako ningesema aendelee nayo kama mkojo ulikua umepata nafuu, ila kila anayepima PSA aambiwe.

Ile kopo ya baba mdogo sasa. Mwanangu, katika vitu vyote vilivyoko ndani ya nyumba yako hicho ndo pekee chenye ushahidi wa kuongeza saratani ya tezi dume. Vitamini E ya 400 kila siku, ilijaribiwa kwa wanaume zaidi ya 35,000 huko Marekani na Kanada wakitegemea italinda tezi, kama baba mdogo anavotegemea. Wakasimamisha 2008 sababu faida haikuonekana, walivoendelea kuhesabu wakakuta mwaka 2011 kwamba wanaokunywa vitamini E peke yake wanapata saratani asilimia 17 zaidi. Kwa miaka saba, kati ya wanaume elfu moja wasiokunywa walipata 65, wanaokunywa 76. Sio wengi wa kutisha, lakini kidonge kinachouzwa kulinda kinaongeza 11, kwanini mtu akimeze? Na nakusihi usimgombeze baba mdogo, anampenda kaka yake. Mwambie mumeo ndo aongee nae. Vitamini E ya kwenye parachichi na karanga haina neno, mzee ale tu parachichi zake.

Tuje kwenye mkojo wa usiku maana huo ndo umemshawishi kuliko voisi. Mzee ana haki, dawa zinamwamsha kweli! Ila kwa njia nyingine. Ile H ni dawa ya kutoa maji mwilini, kazi yake ni kukojoa, akiimeza jioni atakojoa usiku. Amlodipini inavimbisha miguu kwa watu wengi, mchana maji yanakaa miguuni, akilala yanarudi juu kwenye damu, figo inayatoa, anaamka. Sukari ikipanda anakojoa. Baridi ya Uyole nayo inaongeza mkojo, na kama ni mwalimu mstaafu wa Rungwe najua chai ya jioni haikosi, na chai nayo inasukuma mkojo. Ukijumlisha na tezi iliyokua unapata mara tano. Muulizeni daktari kama losatani ya H ihamie asubuhi, mzee ainue miguu kwenye stuli mchana lisaa limoja, chai ya mwisho iwe saa kumi, na mnunulieni ndoo yenye mfuniko ya kuweka chumbani asitoke nje usiku, kuanguka kwenye giza kwa mzee wa presha ni balaa lingine. Na akipata mafua msimkimbilie duka la dawa kumpa vile vidonge vya mafua vinavyosinzisha, vinaweza kuziba mkojo kabisa kwa mwenye tezi iliyokua.

Kilichomuua baba mkubwa basi ni nini? Saratani ya tezi dume ndo inaongoza kwa wanaume Tanzania, na vinavyoiita vinajulikana, umri, kuwa Mwafrika, na damu ya ukoo. Mwanaume ambaye baba au kaka yake aliipata, uwezekano wake unakua kama mara mbili. Baba mkubwa alikua na presha sababu wazee wengi wana presha, alikua na tezi sababu ya umri na damu. Vitu viwili vimekutana kwa mtu mmoja. Hiyo damu ndo inayomfanya mzee arudi kupima, dawa za presha hazihusiki.

Sasa utamwambiaje. Usimwambie wewe. Bibi zetu walikua wakimuona baba mkwe njiani wanaingia vichakani kujificha, hayo yamepungua lakini heshima yake imebaki na mi naiheshimu, mambo ya mkojo na kipimo cha kidole (daktari anapapasa tezi kupitia njia ya haja kubwa) hayatoki mdomoni mwa mkwe. Mpigie mumeo popote alipo leo, hata kama yuko foleni ya Tunduma, msomee barua hii, yeye ampigie baba yake jioni waongee wanaume kwa wanaume. Na kama kanisani kuna mzee mwenzie aliyewahi kupitia matibabu ya tezi, huyo ana nguvu kuliko mimi na daktari kwa pamoja. Amuulize swali moja tu, mwalimu, ulikua unafundisha watoto hesabu, ukipewa 3.2 na kidonge kimekata nusu, jibu ni ngapi? Mwalimu hawezi kukataa hesabu.

Wewe kazi yako ni mfuko. Chukua mfuko, weka kopo lote la dawa, vitamini E humo humo, na karatasi ya PSA ya mwaka jana, mzee aende nao. Presha ya 178 kwa 104 isisubiri mumeo arudi, kesho aende kituo cha afya kilicho karibu wamwanzishie upya dawa kwa utaratibu, asirudie zote mwenyewe usiku huu kwa hasira, ile tamsulosini baada ya wiki tatu bila kumeza inaweza kumpa kizunguzungu akisimama ghafla. Ya PSA waombe rufaa hapo mjini hospitali ya kanda, akaonane na daktari wa mkojo. Siku mbili kabla ya kipimo asiendeshe baiskeli, na kama ana maambukizi ya mkojo yatibiwe kwanza, wasubiri kama wiki sita ndo wapime.

Ila akishindwa kukojoa kabisa, au mkojo uwe na damu, au mgongo unauma na miguu inaisha nguvu, au mdomo upinde na mkono ushuke, hapo hamna cha mkwe wala baba mkwe, ita bajaji muondoke.

Na mumeo. Umesema ana miaka 44. Baba yake mkubwa alikufa kwa ugonjwa huu, na wanaume weusi wanashauriwa waanze kuongea na daktari kuhusu kipimo wakifika 45, wasingoje 50. Kukaa kwenye usukani siku nzima na kula chipsi barabarani nako kunaleta presha kimya kimya. Akirudi safari hii aende na baba yake, siku moja, foleni moja, mzee asione kama anapelekwa peke yake. Alafu niandikie majibu, yote, hata kama sio mazuri.

Shangazi